Homa ya chanjo ina saa yake

Katika daftari langu la vipimo, baada ya gauni la kitenge la mteja wa Kirumba na kabla ya suruali mbili za sare ya shule, kuna ukurasa usio na kiuno wala urefu wa mkono. Umeandikwa kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa mtu aliyechanganyikiwa: "Saa 3 usiku, 38.2. Amenyonya kidogo. Saa 5, 38.5. Dawa, 2.5. Saa 7, 37.6, amelala." Mimi ni fundi cherehani, tunakaa Igogo hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe. Kalamu nyekundu naandikia kazi za haraka. Usiku ule ndiyo iliyokuwa karibu.

Binti yetu alikuwa na wiki 6 na kilo 4.4. Asubuhi yake tulishuka mlima sote watatu kwenda kliniki. Ukifika pale ukiwa mwanaume umeongozana na mkeo, wanakusogeza mbele ya foleni, na akina mama waliofika tangu saa 12 alfajiri wanakutazama kwa jicho ambalo hulisahau. Nilikaa kwenye benchi nimekumbatia mfuko wa nepi, naangalia chini.

Kilichonishughulisha siku hiyo, Mungu anisamehe, kilikuwa kaptula ya mizani. Mnaijua: mizani ya kuning'inia, mtoto anavalishwa kaptula ya kitambaa yenye mikanda, anatundikwa kama mfuko wa sukari. Ile ya pale alikuwa ameishona mtu asiyependa kazi yake. Pindo limefumuka, mkanda mmoja mrefu kuliko mwenzake, watoto wanakaa upande kama abiria wa mwisho kwenye daladala. Nikawa napiga hesabu ya mita za kitambaa huku nesi akitupa maelezo. Matone ya polio mdomoni, ya rota mdomoni pia, sindano moja paja la kushoto, nyingine paja la kulia. Binti akalia kwa sauti ambayo sikujua anayo. Katikati ya kilio nesi akasema:

"Baba, mama, nisikilizeni. Leo jioni anaweza kuchemka, na paja linaweza kuvimba. Ni kawaida. Mnyonyesheni, msilikande paja. Ikifika keshokutwa bado anachemka, msikae naye nyumbani."

Nilishika neno moja tu, "kawaida". Sentensi ile ya mwisho nilikuja kuikumbuka wiki 8 baadaye.

Jioni ikafika, na joto likaja nayo. Mwanzoni hatukuwa na kipimajoto. Joto lilipimwa na mikono minne, na kila mkono ulikuwa na jibu lake. Mke wangu akasema ni kidogo. Mimi nikasema ni kali. Jirani yetu muuza maandazi akaweka kiganja kwenye paji la uso wa mtoto, akanyamaza, akatikisa kichwa kama daktari wa kwenye tamthilia. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Ukerewe kumwangalia mwanawe aliyejifungua, hakusema kitu. Alichukua blanketi la pili.

Hapa lazima nieleze jambo. Kwetu mkwe na mkwe hawabishani, na ikiwezekana hata macho hawagonganishi. Usiku mama alikuwa akilala kwa jirani, maana nyumba yetu ni chumba na sebule, na haiwezekani mama mkwe alale sebuleni kwa mkwewe. Kwa hiyo mgogoro wa blanketi uliendeshwa kupitia kwa mke wangu. Mimi nasema, "Mwambie mama, mtoto anachemka, tumpunguzie nguo." Mama anasema, "Mwambie baba, homa inatoka na jasho." Tuko watu wanne kwenye chumba cha futi 10 kwa 10, tunatumiana salamu kama tuko mikoa miwili.

Saa 2 nilishuka chini barabarani, kwenye duka la dawa, nikanunua kipimajoto cha kwapani na chupa ya parasetamoli ya maji. Muuzaji, binti mdogo lakini mwenye akili timamu, aliniuliza kilo kabla ya kuniuzia. Sikuulizwa miezi, niliulizwa kilo. Nikamwonyesha kadi. Akatoa bomba la sindano lisilo na sindano, akavuta hadi alama ya 2.5, akaniambia kijiko cha chai nikiache kabatini, maana vijiko havilingani. "Si zaidi ya mara nne kwa siku nzima, na kati ya dozi na dozi zipite saa 6. Halafu asiponyong'onyea, kama anachemka tu na ananyonya, si lazima umpe."

Kwapani, kuanzia 37.5 ni homa. Yeye alikuwa na 38.2. Kwa fundi, kupata namba ni kupata mahali pa kusimama. Mikono minne ilikuwa imetugombanisha. Namba moja ikatunyamazisha. Tukamvua blanketi zote mbili, tukamwacha na fulana na nepi. Mama mkwe akatoka nje kidogo, akarudi, akakaa. Nikajua amekubali, au amechoka.

Kosa lenyewe lilikuja alfajiri. Saa 11 homa ilikuwa imerudi, 38.3. Nikanyoosha mkono gizani, nikaigonga chupa. Ikaviringika ikamwagika yote juu ya kitambaa cha mteja (hariri, na doa lile sikuweza kulitoa, nililipa). Jirani alisikia vurugu, akaja na kichupa kidogo. Kilikuwa cha mtoto wa dada yake. "Ni parasetamoli hiyohiyo, shemeji, mpe kama ulivyompa ile." Nikavuta hadi 2.5. Bomba lilikuwa limeshagusa mdomo wa mtoto mke wangu aliposema, "Subiri," akawasha tochi ya simu na kusoma karatasi.

Chupa yangu ya kwanza ilikuwa na miligramu 120 katika mililita 5. Kichupa kile cha matone kilikuwa na miligramu 100 katika mililita 1. Kaa upige hesabu. Mililita 2.5 za dawa ya kwanza ni miligramu 60, na kwa mtoto wa kilo 4.4 hiyo iko ndani ya kipimo, kwa maana kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mililita 2.5 za matone ni miligramu 250. Zaidi ya mara nne. Dawa hii ikizidi huliumiza ini, na mtoto haonyeshi kitu siku ya kwanza.

Tepu yangu ya kupimia ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Kila fundi aliwahi kuigeuza bila kujua, akakata kitambaa cha watu. 32 ni 32, lakini suruali si ileile. Nilijua hilo kwa miaka 11 ya kazi, na bado nilikuwa nimevuta 2.5 bila kuangalia upande wa tepu. Mke wangu hakunisema. Alimchukua mtoto, akamnyonyesha hadi kulipokucha, na duka lilipofunguliwa saa 1 mtoto alikuwa na 37.7 bila dawa yoyote. Mchana wake alikuwa mzima, ila paja la kushoto lilikuwa na uvimbe mgumu kama punje ya hindi, nao ukaisha wenyewe.

Mama mkwe alikuwa na hofu moja ambayo hakuitaja hadi siku ile ya pili: dege. Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba mtoto akichemka sana anapitiwa na dege, anakakamaa na kugeuza macho, na kwamba mtoto wa namna hiyo asichomwe sindano, maana akichomwa haponi. Sikumcheka. Mtu aliyezika watoto wawili kabla chanjo na dawa hazijafika kisiwani kwao ana haki ya kuogopa anachokiogopa. Nesi alinieleza baadaye kwamba degedege la homa kwa kawaida huwapata watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5, na kwamba mtoto akishtuka, popote alipo, analazwa ubavu, hatiwi kitu mdomoni, na anapelekwa hospitali. Sindano haina kosa. Kosa ni kumchelewesha kwa sababu ya kuogopa sindano. Nilimwomba mke wangu amfikishie mama. Jibu likarudi: "Mwambie baba nimesikia." Kusikia si kukubali, lakini ni mwanzo.

Kipindi hicho dada yangu anayeishi Leicester, Uingereza, akanitumia ujumbe mrefu: kule mtoto anapewa parasetamoli mara tu baada ya chanjo, hawasubiri homa, sisi tunamtesa mtoto bure. Ujumbe ule uliniuma. Tulipokwenda wiki ya 10 nikamuuliza nesi, yuleyule. Akasema kule watoto wanachomwa pia chanjo ya homa ya uti wa mgongo aina ya B, na ile inawachemsha sana watoto, ndiyo maana wanawahi na dawa. Kwetu chanjo hiyo haimo kwenye ratiba, kwa hiyo huku tunasubiri homa ije kwanza, na mtoto awe anateseka nayo. Nilipopata muda nikasoma mwenyewe kwamba mwaka 2009 watafiti wa Jamhuri ya Cheki walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo kuhusu watoto waliopewa parasetamoli mapema ili wasichemke: homa zilipungua kweli, ila na kingamwili zilizotengenezwa na chanjo zilipungua pia. Kwa hiyo dada yangu hakukosea na nesi hakukosea.

Nesi huyo alinieleza pia kwa nini sindano ya paja la kushoto ndiyo inayochemsha. Inaitwa Penta kwa sababu ina tano ndani yake: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B, na Hib, bakteria anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo kwa watoto wadogo. Sehemu ya kifaduro imetengenezwa kwa bakteria mzima aliyeuawa. Nchi nyingi za Ulaya wanatumia vipande vyake tu, na watoto wao wanachemka kidogo zaidi. Mwili wa mtoto unapomwona bakteria mzima, hata akiwa maiti, unapigana kama yu hai. Joto lile ni la vita. Na kwa kuwa adui ni maiti, vita haiwezi kuwa ndefu: inaanza siku ileile, na ndani ya siku 2 imekwisha.

Siku hiyo ya wiki ya 10 nilijiandaa kama askari. Kipimajoto, chupa mpya, bomba, daftari, kalamu, tena bluu. Sikulala. Binti alilala usiku kucha kama hakuguswa na mtu. Ukurasa wake una namba tatu: 37.0, 36.9, 37.0. Nikaamini nimeshahitimu.

Wiki ya 12 likizo ya mke wangu ilikuwa inakwisha. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, na sheria inampa mama siku 84. Baba anapewa 3, lakini mimi nimejiajiri, hata hizo 3 sina wa kumwomba. Kabla hajarudi kazini tukamrudisha mama Ukerewe, tukampeleka na mtoto akaonwe na ndugu wa mama yake. Meli ya Nansio, upepo mzuri, machungwa, dagaa wabichi, ndugu wanaombeba mtoto kwa zamu hadi anasahau sura ya mama yake. Tulilala siku tatu. Kwenye nyumba ya bibi chandarua kilikuwepo. Kilikuwa kimetandazwa uani, dagaa wanakaukia juu yake. Nilikiona. Nilikipita mara kumi kwa siku. Siku ile nilichowaza ni kwamba dagaa wale watakauka vizuri kwa kuwa chini hawana mchanga.

Wiki ya 14 nilikwenda kliniki peke yangu na mtoto. Bila mke hunyanyuliwi mbele ya foleni, nikakaa saa tatu nzima, akina mama wakinifundisha namna ya kufunga kanga mgongoni na kuniuliza mama yake yuko wapi. Kilo 6.1. Sindano zilikuwa tatu safari hii, maana wiki ya 14 inaongezwa na ya polio. Jioni akachemka, 38.3, nikacheka kabisa. Nikampigia mke wangu aliyekuwa zamu ya usiku: "Usiwe na wasiwasi, ni ile yetu." Dozi moja saa 4. Kesho yake mchana alikuwa na 37.1, anacheka na taa.

Siku ya tatu, saa 8 mchana, nikamgusa, moto. 38.6. Nilikuwa na gauni la bibi harusi mezani. Nikaandika namba, nikampa dawa, nikampa maziwa ambayo mama yake huyakamua na kuacha, namnywesha kwa kikombe kidogo. Alikunywa nusu. Nikajisemea, chanjo hii ya tatu ina nguvu. Saa 12 jioni ikashuka, saa 2 ikapanda. Mtu akiniuliza nilikuwa nawaza nini, jibu ni kwamba sikuwa nawaza. Nilikuwa nimeshapata neno la kuiitia homa ile, na kitu ukishakipa jina unaacha kukitazama.

Mke wangu alirudi saa 5 usiku. 39.2. Mtoto hataki ziwa, analia kilio cha chini kama paka aliyefungiwa. Hakunigombeza. Alichukua daftari, akalisoma chini ya taa, akaweka kidole kwenye ile 37.1.

"Hapa homa iliisha," akasema. "Hii siyo ile. Hii ni nyingine."

Namba nilikuwa nimeziandika zote, tena kwa mstari ulionyooka. Kusoma ndiko sikusoma.

Kutoka kwetu hadi barabarani hakuna gari linalopanda. Ni ngazi zilizochongwa kwenye mawe, nyingine za saruji, nyingine ni mtaro wa maji tu. Mke wangu alitangulia na tochi, mimi nyuma nimemfunga mtoto kifuani, nikihisi moto wake unapita kwenye shati. Hakukuwa na mwezi. Ziwani, kwa mbali, taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimetapakaa kama mji mwingine, na mimi nikawa nahesabu ngazi ili nisihesabu kitu kingine. Chini tukapata bodaboda.

Kituo cha afya, mganga wa zamu kijana, macho mekundu ya usingizi. Maswali yake yalikuwa mafupi na yalifuatana: Ananyonya? Anatapika kila kitu? Ameshtuka, amekakamaa? Analala kupita kiasi, haamki ukimwamsha? Akamfunua kifua akamhesabia pumzi kwa dakika nzima akitazama saa ya mkononi. 46. Akasema kwa umri wake zikifika 50 ndipo angewaza nimonia. Akapapasa utosi, akatazama masikio, akakunja shingo taratibu. Nikamwambia amechanjwa juzi. Akaitikia kwa kichwa tu, akauliza, "Mmesafiri karibuni?"

"Ukerewe. Kama wiki mbili na ushei."

"Mlilala kwenye chandarua?"

Nikawaona wale dagaa wamelala vizuri.

Akamtoboa kidole, tone moja la damu kwenye kipimo cha haraka cha malaria. Dakika zile kama 15 za kusubiri ndizo ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa, na mimi nimewahi kusubiri umeme urudi na bibi harusi amekaa mlangoni. Ukatokea mstari mmoja. Halafu wa pili: ana malaria.

"Homa ya chanjo hizi za mapajani ina siku 2," mganga alisema, akiandika. "Ikizidi hapo, au ikiisha ikarudi, msiiite tena ya chanjo. Na huku kwetu Kanda ya Ziwa, mtoto akiwa na homa namna hii tunampima malaria, awe amechanjwa, asiwe amechanjwa. Chanjo haizuii mbu."

Dawa mseto, zile zinazoyeyuka, kidonge kimoja kila dozi kwa uzito wake, dozi sita ndani ya siku tatu. Ya kwanza palepale, kwenye kijiko na maziwa ya mama yake; wakatuweka pale kuona kama ataitapika. Ya pili saa 8 baadaye. Baada ya hapo asubuhi na jioni. Alitusisitizia tumalize zote hata akianza kucheka, kwa sababu watoto huanza kucheka kesho yake, alisema, na ndipo wazazi wanapoacha. Binti alianza kucheka kesho yake jioni. Dozi zote sita zina alama kwenye daftari.

Mke wangu alimpigia mama yake asubuhi. Nikasikia upande mmoja wa mazungumzo. "Ndiyo mama, walimtoboa... Hapana, kidole tu, tone moja... Ndiyo, akiwa na homa vilevile." Kukawa kimya kirefu. Kisha mke wangu akacheka, akafunika simu kwa kiganja akaniambia: "Mama anasema mwambie baba chandarua kimeanuliwa, dagaa wako kwenye mawe."

Majirani nao walikuwa na lao. Muuza maandazi, ambaye nampenda na ambaye bado namdai suruali ya mwanawe, alisema mbele za watu kwamba si tulimpeleka wenyewe achomwe, ona sasa. Sikupata jibu zuri palepale. Ningemwambia kwamba mbu wa Nansio alimuuma mwanangu kabla ya sindano ya wiki ya 14, na siku hizo kati ya kuumwa na mbu na kuanza kuchemka ndizo malaria huzitumia kujificha. Vitu viwili vilikutana njiani. Nilimweleza siku nyingine, taratibu, wakati nampima mwanawe kiuno. Alisema, "Haya shemeji," kwa namna ambayo sijaijua hadi leo.

Alipotimiza miezi 9 tulikwenda kwa surua na rubela. Nilibeba kaptula mpya ya mizani, nimeishona kwa kitambaa kigumu cha kaki, mikanda miwili sawasawa, mishono miwilimiwili. Nesi aliigeuza ndani nje kama mteja mkorofi, akasema itafaa. Siku hiyohiyo tukapewa chandarua. Na nikauliza swali ambalo wiki ya 6 sikuliuliza: hii yenyewe saa yake ni ipi?

"Hii ni tofauti," akasema. "Leo hutaona kitu. Hii ina virusi hai waliodhoofishwa, wanahitaji muda wa kuzaliana. Ikija homa, itakuja baada ya wiki moja hivi, kati ya siku ya 7 na ya 12, pengine na vipele vidogo. Siku 1 au 2, zinaisha. Wengi hawapati kabisa."

Nikaandika tarehe ile daftarini, nikahesabu siku mbele, nikapiga mstari. Siku ya 8, 38.0, na vipele kifuani kama vya joto. Ananyonya, anatambaa, anavuta nyuzi zangu. Tulishuka mlima mchana kweupe, taratibu, tukampima malaria. Mstari mmoja. Sikumpa dawa. Siku ya 10 ilikuwa 36.8.

Juzi mteja mmoja wa Mkuyuni, mama mtu mzima, alikuja kuchukua gauni lake. Wakati natafuta nyuzi alijifungulia daftari mwenyewe, akaanza kulipekua akijitafuta. Akasimama kwenye kurasa za nyekundu.

"Fundi," akaniita, sauti imebadilika. "Hii 39.2 ni kiuno cha nani?"